Ijumaa Nakuja na Pampu

Land Rover ya Mzee Masoudi iliwahi kuupita upepo njiani, ikasimama kuusubiri. Ndivyo anavyosimulia mwenyewe pale Nachingwea tangu astaafu udereva. Asichosimulia ni kilima cha kwa Mwamini.

Kilima hicho kiko nje kidogo ya Mandawa, huko Ruangwa. Juu yake anaishi Mwamini, mjane ambaye Masoudi, naye mgane wa miaka minne, humuwaza mezani mpaka mboga inapoa. Mwaka jana, msimu wa ufuta, alikwenda kupeleka neno mwenyewe, bila mshenga. Katikati ya kilima petroli ikagoma kufika kwenye injini, gari likazima. Wanawake waliokuwa wakipepeta ufuta wakaweka nyungo chini, wakamsukuma hadi mlangoni huku wakimwimba. Mwamini alicheka mpaka akakaa chini.

"Baba Twaha," akasema, "siku ukipanda bila kusukumwa, njoo tuzungumze. Leo kunywa uji, urudi."

Akarudi na kitu kimoja tu masikioni: ule mvumo mdogo wa kooni, mmmm, ambao Mwamini huutoa akipepeta, wala mwenyewe hajui.

Kule Nachingwea, Fundi Prisila alifunua boneti, akatikisa kichwa. "Mzee wangu, hii pampu inayosukumwa na injini imechoka. Tufunge ya umeme, kubwa, ikae kule kwenye tangi. Na bomba tuongeze unene."

"Weka kubwa kuliko zote."

"Kabureta ifurike kama Mto Mbwemkuru wakati wa masika, uungue njiani? Lazima tuweke na kifaa cha kupunguza presha."

"Weka na hicho. Mimi nina kilima, mwanangu."

"Kilima hicho jina lake nani?"

Masoudi akajifanya anakagua tairi.

Kazi ilichukua siku mbili. Alipozungusha ufunguo hatua ya kwanza, kabla injini haijawaka, kule nyuma kwenye tangi kukavuma: mmmm. Akazima. Akazungusha tena. Akazima.

"Mzee, utaua betri!"

Hakumsikia.

Kwa kuwa simu ya Mwamini hushika mtandao inapojisikia, Masoudi alimtuma Jumanne, mnunuzi wa ufuta aliyekuwa akielekea huko. "Mwambie pampu imepatikana. Ijumaa nakuja nayo."

Ijumaa, baada ya swala, akaondoka. Jioni ilipokaribia alikishika kilima. Gari halikukohoa hata mara moja. Akafika juu akipiga honi kama anayeleta bibi harusi, akakuta umati. Ndoo. Madumu ya njano yamepangwa foleni mpaka kisimani, ambako pampu ya mkono ilikuwa imekufa tangu Ramadhani.

"Iko wapi?" akauliza mama mmoja, Magreti, akichungulia nyuma ya gari.

"Nini?"

"Pampu! Si Mwamini ametutangazia unakuja nayo?"

Masoudi akawainamisha chini ya gari, akawaonyesha kidude kisichozidi kopo la dawa ya mbu. Kicheko kikalipuka.

"Sasa hiyo inatoa maji au inalamba?" akasema Magreti.

Mwamini peke yake hakucheka. Alikuwa anayatazama madumu yale matupu aliyoyaita yeye, na shingo ilimlegea. Hilo ndilo lililomchoma Masoudi.

"Pakieni madumu," akasema.

Akashuka nao mtoni kule bondeni, akapanda. Akashuka, akapanda, gari limejaa maji mpaka springi zinalia. Safari tano. Hakuna aliyesukuma, hakuna aliyeimba. Ya mwisho Mwamini alikwenda naye, akakaa mbele, dumu lake katikati ya miguu.

Bondeni, Masoudi akazungusha ufunguo hatua ya kwanza. Mmmm.

"Nini hicho kinaimba?"

"Ndiyo pampu yenyewe."

Mwamini akainamisha sikio. "Mbona kama nimewahi kuisikia mahali?"

Masoudi, mtu aliyeweza kuusingizia hata upepo, akajifanya anakagua kioo.

"Zima, Baba Twaha," akasema Mwamini taratibu. "Halafu uwashe tena, nisikie vizuri."