Likizo ya Mikono

Daktari alivishika vifundo vya mikono vya Mama Pacha, akavibonyeza kidogo, akatikisa kichwa. Siku kumi asiguse kazi. Vikivimba tena, alisema, itabidi kupasua, na mkono ukishapasuliwa si lazima urudishe nguvu zake zote. Mgonjwa alisikiliza ametulia. Aliyetoka jasho ni mume.

Baba Pacha alikuwa fundi wa pikipiki, na aliamini kwamba kila kinachoharibika kimekosa ama grisi ama mapumziko. Hapa grisi haikuhusika. Lakini mapumziko nayo angeyapata wapi mwanamke huyu? Alikuwa mtandika vitanda wa gesti, mwaka wa kumi na tisa huo, vyumba kumi na vinne kila asubuhi, na jioni akirudi nyumbani anaanza vya kwake. Kwenda kwa ndugu kungekuwa kubadilisha jiko tu. Basi fundi akakata shauri: watapanda pikipiki, waende kuliona ziwa ambalo wamekuwa wakilizungumzia tangu uchumba wao. Siku nne, na hawamtembelei mtu yeyote. Pacha wenyewe walikuwa shule ya bweni, hawana habari.

Ubishi ulianza hata injini haijawaka, kwa sababu Mama Pacha alitaka walale kwenye hema.

"Lile la shemeji lipo juu ya kabati, halina kazi," alisema.

"Mama Pacha, wewe ni mgonjwa. Mgonjwa halazwi chini. Tutalala gesti, utatandikiwa, utaletewa maji ya moto, shuka hutaligusa hata kwa kidole."

"Baba Pacha, mimi gesti naijua."

"Unaijua kwa kuitandika. Sasa utaijua kwa kuilalia."

Hapo alijiona amesema neno zito, akavimba kichwa kutwa nzima. Hema alikubali libebwe, alimradi lisifunguliwe.

Gesti ya kwanza haikuwa na kasoro, kwa macho yake yeye. Kuta za kijani, neti haina tundu, mhudumu mcheshi. Alimwacha mkewe ameketi kitandani, akaenda kunawa vumbi la safari. Aliporudi, godoro lilikuwa limesimama ukutani na shuka liko begani kwa mgonjwa.

"Nilitaka kuona chaga tu," alisema Mama Pacha.

"Na shuka lilikuwa na nini?"

"Limegeuzwa. Pindo pana la juu wameliweka miguuni. Sasa mtu atalalaje, Baba Pacha?"

"Watu wanalala!"

"Wanalala kwa sababu hawajui."

Akatandika. Alizikunja kona nne kwa ile namna yake, huku anauma meno kwa maumivu akidhani mumewe haoni, akazipiga kofi moja moja kama mtu anayewalaza watoto. Kisha akajinyoosha juu ya kitanda, amekakamaa, macho darini. Baba Pacha alianza kusinzia aliposikia, "Ile taa ina utando wa buibui." Asubuhi pete ya ndoa ilikuwa imembana mkewe kidole. Fundi aliiona, lakini hakugomba, kwa sababu tayari alikuwa na mpango.

Siku ya pili walifika mapema kwenye mji mdogo uliobakiza mwendo mfupi kulifikia ziwa. Alimkalisha mkewe sebuleni na soda, yeye akatangulia chumbani na mhudumu, mwanamke mnene mwenye haraka.

"Dada, nisaidie. Mke wangu ni mtu wa kazi hii hii yako. Nataka kitanda chake asikute kosa hata moja."

Walifanya kazi, wallahi. Walivuta, wakachomeka, wakavuta tena. Baba Pacha alitoa spana mfukoni akapima shuka linavyoning'inia, kulia na kushoto, mpaka pande zote zikalingana. Ndipo akaenda kumwita mwenye kitanda.

Mama Pacha alisimama mlangoni.

"Nani katandika hiki?"

"Mhudumu."

"Mhudumu na nani?"

Fundi akaanza kuchunguza kitasa cha mlango.

"Upande huu umevutwa na mtu aliyezoea kukaza nati," alisema mkewe. "Tazama, shuka maskini linataka kuchanika." Lakini hakukitandua kitanda. Aliketi juu yake kwa adabu, mikono mapajani, kama mgeni ukweni. Baba Pacha akamshukuru Mungu kimoyomoyo, akatoka kwenda kukaza mnyororo wa pikipiki.

Aliporudi chumba kilikuwa kitupu. Alifuata kicheko ukumbini mpaka chumba namba nane, na humo akamkuta mkewe na yule mhudumu, huyu upande huu wa kitanda na huyu upande ule, wanarushiana shuka na kusimuliana habari za wageni wanaofuta viatu kwa taulo. Namba tano, sita na saba zilikuwa zimekwisha, zinameremeta.

"Yuko peke yake, Baba Pacha!" mkewe alijitetea. "Vyumba kumi na moja, na basi la wageni linaingia saa kumi na mbili. Ningekaaje?"

"Ungekaa kama watu wengine wanavyokaa!"

"Kaka, mke unaye," alisema mhudumu, anahema kwa furaha. "Huyu si mtu, ni mashine."

"Mashine yenyewe iko matengenezoni, dada!"

Akamshika mkewe mikono. Vifundo vilikuwa vya moto, vimejaa. Hapo Baba Pacha aligomba. Aligomba mpaka mhudumu akachukua ndoo yake akapotea. Alimtaja daktari, akautaja upasuaji, akataja ukaidi wa ukoo mzima wa mkewe tangu babu. Hasira haikuwa nyingi kiasi hicho. Alikuwa anaogopa, na hakujua njia nyingine ya kuogopa.

Mama Pacha alimwacha amalize.

"Nilikwambia mapema," alisema taratibu. "Gesti kwangu ni kazini. Unanipeleka kazini, halafu unanikataza kufanya kazi. Sasa nitapumzika vipi?"

Fundi akatoka kwenda kulitazama hema. Jua likiwa bado juu walipakia mizigo.

Mwenye shamba moja kando ya ziwa aliwaruhusu kupiga hema chini ya miti yake. Baba Pacha alimkalisha mkewe juu ya jiwe, akamvalisha glavu zake za pikipiki, zilizomfika karibu na viwiko, akamwambia ole wake ainuke. Kisha akaingia vitani. Hema lilisimama, likafikiri kidogo, likamwangukia.

"Nguzo fupi ni ya nyuma!" alipiga kelele Mama Pacha.

"Najua!" sauti ilitoka chini ya turubai.

"Unajua nini, na mlango umeuelekeza kwenye mti?"

Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa glavu. Mara ya tatu hema lilisimama likabaki limesimama, ingawa lilikuwa limeegemea upande mmoja. Baba Pacha akabeba shuka, mablanketi na foronya aliyoijaza nguo, akatambaa ndani kutandika.

Alipiga magoti pale, shuka mkononi, akagundua kwamba hajui pa kuanzia. Miaka yote ya ndoa alikuwa analala juu ya kitanda kilichokwisha tandikwa, anaamka, anakwenda gereji, na hakuwahi kujiuliza kinajitandika vipi. Siku mbili hizi amepita gesti kwa gesti anawatafuta watu wa kumtandikia mkewe. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Akalitupa shuka, akalivuta, likakimbilia kushoto. Akaliwahi kwa goti, likakunjamana katikati. Alihangaika nalo huku anatokwa na jasho, na alipomaliza alijua fika kwamba hakumaliza.

Mama Pacha aliingia kwa magoti. Baba Pacha aliyaona macho yake yakianza safari: kona, pindo, blanketi, kona nyingine. Aliyajua macho hayo.

"Sema tu," alisema kwa unyonge. "Kila kosa. Nitalirekebisha mimi mwenyewe."

Mkewe alipitisha glavu juu ya mkunjo mmoja, kisha mwingine.

"Tangu mama yangu," alisema mwishowe, "hakuna mtu aliyewahi kunitandikia mimi."

Baba Pacha akaivuta kona moja ya shuka, na nyingine ikachomoka.

"Na umeharibu kweli kweli," aliongeza Mama Pacha, sauti ikamtetemeka, asijulikane kama analia au anacheka. "Mto umeuweka miguuni."

"Niugeuze?"

"Uache hapo hapo."

Akageuka yeye. Alizunguka kwa magoti ndani ya kile kihema, akapeleka kichwa kulikokuwa na mto, akajilaza juu ya mikunjo yote ile, na Baba Pacha alipoanza kumvua glavu ya pili, polepole ili asimuumize, alikuwa amekwisha lala.