Propela ya Mapanga Matatu

Siku ya kwanza Agnella alipojaribu kuirusha ndege aliyoiunda na mumewe, kwenye uwanja wa nyasi nje ya Ifakara, hakufika hata katikati. Mkia uliinuka vizuri, pua ikashuka, ncha ya propela ikachota ardhi. Kishindo kimoja, vipande vya mbao ya mninga vikaruka, injini ikazimika.

Mumewe Hilary, seremala wa Kibaoni aliyeichonga propela ile kwa mkono, alimkimbilia. "Umeumia?"

"Sijaumia. Lakini si tuliacha shubiri nzima chini ya propela?"

Waliivuta ndege hadi karakana. Hilary akaunyanyua mkia begani mpaka ndege ikalala sawa, kama inavyokuwa ikishika kasi. Agnella akaligeuza panga lililosalia zima lielekee chini, akapitisha mkono. Ile shubiri ilikuwa imebaki vidole vitatu.

"Tulipima ikiwa imekaa," alisema. "Tulipaswa kuipima ikiwa imeinua mkia."

"Basi nichonge fupi."

"Fupi haitavuta. Injini itapiga kelele tu, na sisi tubaki chini."

"Na tukirefusha sana miguu ya magurudumu, pua itakuziba macho, Mama Stefania. Hutaona unakokwenda."

Walibishana mpaka ugali ukapoa. Mwishowe Agnella akasema, "Chonga mapanga matatu, mafupi kidogo. Tunachopoteza kwenye urefu tukipate kwenye panga la ziada. Miguu tuiongeze kiasi tu."

Kuyapatanisha mapanga mawili yawe na uzito sawa kulikuwa kumemlia Hilary masika yote. "Matatu!" aliguna. Asubuhi alikuwa sokoni akichagua mbao.

Kiangazi mkaguzi wa ndege alikuja, akapima mkia ukiwa juu, akatoa kibali cha kuijaribu. Agnella, rubani mwenye leseni, akafunga mkanda, akaiongezea injini mafuta ishike kasi.

Mkia ukainuka. Hilary alifumba macho akingoja kishindo. Badala yake alisikia waendesha bodaboda waliokuja kutazama wakipiga honi kama wamepagawa. Alipofumbua, magurudumu yalikuwa hewani juu ya nyasi, kisha juu ya miti, kisha ndege ikapinda taratibu juu ya mashamba ya mpunga kuelekea mtoni.

Ilipotua, Hilary alikimbia kandokando yake. "Imevuta?"

"Imevuta, Baba Stefania! Inataka kupanda yenyewe!" Agnella alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja. "Sogea pembeni!"

Akaigeuza ndege, akapaa tena.