Filimbi na Mwano

Mwaka ule malori ya wafanyabiashara yalipoanza kupanda Sumbawanga kununua ng'ombe bila kuuliza walikotoka, wizi ukatufikia na sisi, huku kijijini ng'ambo ya Izia. Tukakubaliana mgambo walinde daraja la mtoni, sungusungu walinde kivuko cha juu. Mgambo walikuwa chini ya Adolfu, mwanajeshi mstaafu, na hawaondoki mahali mpaka apulize filimbi. Sungusungu walikuwa chini ya Nyanda, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake. Kwao ukisikia mwano, ule ukelele wa hatari, unaacha hata ugali wa moto unakimbilia unakolia. Asiyekwenda anahesabiwa pamoja na wezi. Tulikubali taratibu zote mbili siku moja, tukarudi kulima.

Mwanangu Leonardi alikuwa mgambo, naye amemwoa Herieth, binti wa Nyanda. Asubuhi moja ya ukungu nilimpelekea uji wa ulezi darajani. Hajamaliza kikombe, mwano ukalia kwa Nyanda. Akasimama.

"Mama, ni kwa wakwe."

"Filimbi umeisikia?"

"Bado."

"Basi kaa. Umeambiwa ukae."

Akakaa. Adolfu alikuwa ofisini kwake anasubiri mtu wa kumpa habari, hakupuliza. Sungusungu wa kivukoni walikimbilia mwano wote, hata mmoja hakubaki. Wezi walikuwa matetini na ng'ombe wa Nyanda, wakavuka taratibu pale pale kivukoni. Lori lilikuwa barabarani.

Siku ya tatu akaja kapteni kutoka mjini, mshauri wa mgambo, akaketi nasi na daftari lake.

"Nani alitakiwa kumwambia nani?"

"Watu wangu walikuwa mahali pao," akasema Adolfu.

"Na wangu walikwenda kwenye mwano," akasema Nyanda.

"Na ng'ombe walipanda lori," mtu akasema nyuma. Tukacheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka.

Kapteni akasema kuanzia sasa filimbi na mwano vilie pamoja, na kila kituo wabaki watu wawili. Tukaitikia, tukaanza kujikung'uta vumbi. Nyanda hakuinuka.

"Hilo la kapteni ni la kesho. Mimi nina la juzi. Mkwe wangu alisikia mwano hakuja. Atengwe miezi miwili. Asisalimiwe, asipewe moto, asisaidiwe kupalilia. Na Herieth arudi kwangu."

Leonardi akatazama chini. Nilijua hatasema. Nikajishika kwenye fimbo nikasimama.

"Mkwe, alishainuka ili aje. Mimi ndiye niliyemkalisha."

"Mama, usimfunike mtoto."

"Simfuniki. Muulize."

Wakamuuliza.

"Mama asingesema, ningekuja."

Wazee wa sungusungu wakasogea pembeni, wakanong'ona sana. Nyanda akarudi.

"Sheria ya mwano haina mama mkwe."

"Sikuomba iwe naye."

Basi wakanipa mimi ile miezi miwili, Herieth akabaki kwa mumewe.

Sasa ni wakati wa kupalilia, napalilia peke yangu, nusu tuta nakaa. Watoto waliozoea kunipa shikamoo wanahamia upande wa pili wa njia. Mpango wa kapteni ulijaribiwa mara moja. Adolfu na Nyanda wakagombana kipi kilie kwanza, filimbi au mwano, ukaishia hapo.

Herieth ananiletea maji kila asubuhi. Anaitua ndoo mlangoni, anageuka bila neno kama baba yake alivyoagiza, nami simwiti nisimponze. Leo nikiwa hapo mlangoni nilimsikia Nyanda nje ya ua wa mwanangu, anamuuliza Leonardi habari za mahindi. Leonardi akamjibu, wakaongea kitambo.

Nikaingiza ndoo ndani.