Pengo la Yuniti Nne

Mzee Besi aliamini kwamba kifaa chochote chenye heshima zake kina upana wa inchi kumi na tisa. Amplifaya, mikisa, ikwalaiza, vyote vilijipanga kwenye reki yake ya chuma, kimoja juu ya kingine kama mashuka kabatini, na kitu kisichoenea humo kwake kilikuwa mdoli wa watoto. Alikuwa akikodisha vyombo vya muziki kwa ajili ya harusi na misiba tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Jina la Besi alipewa na majirani, wala hawakumpa kwa mapenzi. Walimpa kwa sababu kila alipojaribu spika, sahani zao zilitembea zenyewe kwenye rafu.

Reki ilisimama sebuleni, pale ambapo wenzake huweka televisheni, na katikati yake palikuwa na pengo, kama kinywa cha mtoto aliyeng'oka meno ya mbele. Pengo hilo lilikuwa la yuniti nne. Watu wa reki hupimia kimo kwa yuniti, na yuniti moja ni unene wa vidole viwili na ushee. Aliyeliomba pengo ni mwanawe wa pekee, fundi kompyuta, aliyekuwa akiishi humo humo na mkewe na binti yao mdogo.

"Baba, liondoe lile zigo la chini, uniachie yuniti nne," alikuwa amemwambia. "Nataka kuunda seva ya hapa nyumbani. Picha zetu, video za harusi, sauti ya marehemu mama, vyote vikae mahali pamoja. Simu zinaibwa, simu zinatumbukia chooni."

"Zigo unamwita nani? Amplifaya hiyo ndiyo iliyokusomesha!"

"Ndiyo maana imechoka, baba. Mimi mwenyewe najua nilivyokuwa mzito wa kusoma."

Besi akacheka mpaka akakohoa, akaitoa.

Basi mwana akawa ananunua kimoja kimoja: ubao mkuu, diski, na kipozeo kirefu kama jengo la ghorofa, cha kupoza kichakata, ule ubongo wa kompyuta. Vyote alivipanga juu ya meza ya chumbani kwake, vingine akavifunga mahali pake. Likabaki kasha tu la kuvitia. Kabla hajalipata akaugua. Alikwenda hospitali kwa miguu yake, akarudi amebebwa.

Siku ya maziko Besi alifunga spika mwenyewe. Watu walimsihi akae na wafiwa wenzake, akakataa katakata. Kiongozi wa sala alipoanza kusema, Besi aliinuka, akapita katikati ya waombolezaji, akapunguza besi kidogo, akarudi kukaa. "Sauti ilikuwa inanguruma," alimnong'oneza aliyekuwa karibu naye. "Mwanangu hakupenda sauti inayonguruma." Maisha yalikuwa yamemzaba makofi mengi, naye alikuwa amejifunza kuwahi kutania kabla kofi jingine halijafika. Hilo moja tu ndilo lililomkuta mdomo mtupu.

Tangu hapo ile meza haikuguswa. Mkwe wake alikuwa akifuta vumbi kuvizunguka vile vitu kwa ncha ya kitambaa, taratibu, kama anayemfuta uso mtu aliyelala.

Asubuhi moja Besi akaweka kikombe chini. "Mkwe wangu, leo twende tukachague kasha. Pengo hili litaniingizia panya."

Mkwe akaacha kusugua sufuria. "Hata mimi nilitaka kukuomba hilo, baba. Nilikuwa sijui pa kuanzia."

"Pa kuanzia ni mlangoni, kisha ngazi, kisha barabara."

Mwanamke akacheka, akageukia sufuria upesi. Besi akafurahi. Moyoni alikuwa na hesabu yake: seva ikishakaa ndani ya reki, na reki ikiwa ndani ya nyumba, basi hata wenye picha hizo, mkwe na mjukuu, watakuwa wameshikwa na kitu. Mjane kijana hafungwi kamba, lakini hata kuku hulala penye viota vyake.

Duka lilikuwa juu ya duka la magodoro, chumba chembamba kilichojaa maboksi hadi darini. Mwenye duka alikuwa mama mmoja mcheshi, miwani ikining'inia kifuani, ambaye wateja walimwita Madamu Waya.

"Karibuni. Mnataka mashine, au mmepanda kukimbia jua?"

"Tunataka kasha la reki," alisema Besi. "Yuniti nne. Liwe chuma cha kweli, siyo bati la kopo."

"Mzee anajua anachotaka. Wengi wanaokuja hapa hawajui hata kilichowaleta." Madamu Waya akaburuta kasha moja jembamba kama trei. "Ngoja kwanza nikuoneshe la yuniti moja. Halichukui nafasi. Ila feni zake ni ndogo, kwa hiyo zinazunguka kwa kichaa. Likiwaka utadhani umefuga nyuki."

"Nimeishi na spika maisha yangu yote. Nyuki nitawasikia wapi?"

"Wewe hutawasikia. Jirani je?"

"Jirani alishazoea kuonewa."

Wakacheka wote, hata mkwe, aliyekuwa amesimama nyuma kidogo, mkoba kifuani. Ndipo likaletwa kasha la yuniti nne. Lo! Hilo lilikuwa kasha. Chuma cheusi kizito, feni mbili kubwa za kuzunguka polepole, mlango wa mbele wenye kufuli. Besi akalipima upana kwa shubiri, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akaligonga ubavuni kwa kifundo cha kidole, akatega sikio.

"Halitetemeki," akasema. "Kile kipozeo kirefu kitasimama humu bila kuinama. Hata mwenyewe angechagua hili."

"Lakini mzee, reki za muziki ni fupi kwenda nyuma," Madamu Waya akamtahadharisha. "Hili litatokeza."

"Nitatoboa ukuta."

"Na nyuma ya ukuta kuna nini?"

"Jirani."

Madamu Waya alicheka mpaka akashika kaunta. Besi naye, akifurahia utani wake kupokelewa, akageuka amwone mkwe wake kama anacheka.

Mkwe hakuwa akicheka. Alikuwa kwenye kona, mbele ya kasha fupi la yuniti mbili. Alikuwa ameweka mkoba chini. Akalishika kasha kwa mishikio yake miwili, akaliinua, akatembea nalo hadi mlangoni, akageuka, akarudi. Halafu akalihamishia mkono mmoja, akalipumzisha nyongani, akatembea tena.

Madamu Waya hakuona ajabu yoyote. Wateja hushikashika vitu. Lakini Besi alihisi kama spika iliyong'olewa waya ghafla.

Kwa watu wa kazi yake kulikuwa na kanuni, na yeye ndiye aliyemfundisha mwanawe, akamfundisha na mkwe alipokuja kuwasaidia kubeba vyombo mwaka ule wa kwanza wa ndoa. Kitu cha kukaa kinachaguliwa kwa macho. Kitu cha safari kinachaguliwa kwa mikono: unakibeba hadi mlangoni, unageuka, unarudi nacho. Mkono ukinung'unika dukani, barabarani utalia.

"Hilo ni la yuniti mbili," alisema taratibu.

"Ndiyo, baba."

"Kipozeo hakiingii humo."

"Najua. Itabidi tuweke kifupi."

"Kile alikifunga kwa mkono wake."

"Najua, baba."

"Na kule kwenye reki aliomba nafasi ya yuniti nne. Aliomba mwenyewe, mimi nikamtolea."

Mwanamke akaliweka kasha juu ya kaunta kwa mikono miwili. "Baba, nimepata kazi. Shule moja, mbali na hapa, wananihitaji nikafundishe. Wananipa na nyumba, chumba na sebule. Habari hii ninayo siku nyingi. Kila nikijikaza nikuambie, unanitania, nacheka, naahirisha."

"Kumbe kosa ni langu, nilikuwa nakuchekesha."

"Kosa ni lako," akasema, akicheka na machozi yakimtoka kwa pamoja. "Pale nyumbani, baba, kila mlango nikiufungua namwona. Nikibaki sitapona."

"Na mtoto?" akauliza Besi.

"Nitakwenda naye. Picha nitakuachia, video zote, sauti zote. Tutanunua diski nyingine, nikunakilie kila kitu."

"Na mjukuu? Yeye naye utaniachia nakala?"

Madamu Waya akainama chini ya kaunta kutafuta kitu ambacho hakikuwepo, akakitafuta kwa muda mrefu.

Besi akaligeukia lile kasha kubwa. Maneno bado alikuwa nayo, na yote yalikuwa ya kweli. Kipozeo kweli hakiingii kwenye dogo. Marehemu kweli aliomba yuniti nne. Chuma kweli hakitetemeki. Angeweza kuyasema pale pale, na mwanamke huyu, kwa adabu aliyolelewa nayo, angenyamaza, angekwenda nyumbani, angesugua tena zile sufuria. Akatazama kufuli ya mlango wa kasha. Akatazama vidole vya mkwe wake, vilivyobaki na alama nyekundu za mishikio.

Akalifuata lile fupi. Akaliinua, akatembea nalo hadi mlangoni, akageuka, akarudi. Akalitikisa kidogo karibu na sikio.

"Mshikio wa kushoto umelegea," akasema. "Huu utamwangusha njiani. Madamu, tuletee jingine la aina hii hii, na kipozeo kifupi cha kuingia humo."

"Mzee, si ulitaka la kutoboa ukuta?" Madamu Waya aliuliza kwa sauti ndogo.

"Jirani kaponea chupuchupu."

Mchana huo huo waliketi kwenye ile meza. Mkwe alishika taa, Besi alishika bisibisi, na mjukuu alipanda kitini akashika kidevu chake mwenyewe. Skrubu za kipozeo kirefu zilikuwa zimekazwa sawasawa, si kwa nguvu wala si kwa ulegevu. Besi akamsifu aliyezikaza, kimoyomoyo. Kipozeo kilipong'oka, chini yake kulikuwa na ile dawa ya kijivu ya kupitisha joto, imesambaa juu ya kichakata kama ugolo uliokauka.

"Huwa inafutwa yote," alisema mkwe, akimpa kitambaa chenye spiriti. "Bila hivyo kile kipya hakitashika, mashine itaungua."

Besi akainama. Pembeni kabisa, pale ambapo kipozeo hakikufika, palikuwa na alama ya kidole gumba. Mistari yake ilionekana vizuri, mmoja mmoja. Mwanawe alikuwa na tabia hiyo, kuisambaza dawa kwa kidole. Kila mtu alimwambia aache, naye kila mara alisema ataacha.

Mkwe naye akaiona. Akaisogeza taa karibu.

Besi akaanza kufuta katikati. Akafuta polepole hadi chuma kikang'aa, akazungusha ncha ya kitambaa kuelekea pembeni, akaizunguka ile alama bila kuigusa, kama alivyokuwa akimwona mkwe wake akifuta vumbi asubuhi zote zile. Akarudisha kitambaa.

"Babu, umeacha uchafu," alisema mjukuu. "Pale!"

"Macho yako yana kiherehere kama mdomo wako. Ule si uchafu."

"Ni nini?"

"Abiria. Mnakwenda naye."

Kipozeo kifupi kikafungwa, ubao ukaingia, diski zikaingia, mfuniko ukashuka. Mashine ikawaka kwa mara ya kwanza. Feni zake zilivuma kidogo, si kama nyuki, kama mtu anayepumua puani. Besi akasikiliza huku amefumba macho, akasema inanguruma kidogo lakini inavumilika.

Siku ya kuondoka kwao alikataa kusaidiwa. Alilibeba kasha mwenyewe hadi kwenye gari lililokuja kuwachukua, akalilaza juu ya nguo za mtoto, akalizungushia blanketi, akamwonya dereva kwamba humo ndani mna mtu amelala, aende taratibu. Dereva akadhani ni mzaha. Mjukuu akapunga mkono dirishani mpaka gari likakata kona. Mkwe hakupunga. Alikuwa amejifunika uso kwa kitambaa.

Besi akarudi sebuleni. Nakala za picha zilikuwa kwenye diski ndogo juu ya kochi, ndani ya bahasha aliyoifunga mkwe. Hakuifungua. Akachukua kipozeo kirefu, akakisimamisha ndani ya pengo la reki. Kilisimama humo peke yake, na nafasi ikabaki pande zote.

Watu wa muziki hawaachi pengo kwenye reki. Vumbi huingia, na halipendezi machoni pa wateja. Wana vifuniko vya chuma vya kuzibia, na Besi alikuwa nacho cha yuniti nne. Akakitafuta, akakipangusa, akakipachika mahali pake. Kilienea barabara. Akatia skrubu ya kwanza, akaizungusha mara moja, akasita.

Kutoka upande wa pili wa ukuta ikasikika sauti ya jirani. "Besi! U mzima wewe? Leo sahani zangu hazijatikisika kutwa!"

"Mzima, jirani. Ziache zipumzike."

Jirani akauliza tena, safari hii kwa upole, "Wameshaondoka?"

"Wameshaondoka."

Akaifungua ile skrubu, akakitoa kifuniko, akakisukumia chini ya kochi, mbali, huko ambako mkono wake haungefika bila kupiga magoti.