Tunda Lililozikwa Badala ya Opondo

Feri ya asubuhi ilichelewa kuondoka Luanda Kotieno kwa sababu ya fahali mmoja aliyekataa kupanda. Walimvuta kwa kamba, wakamsukuma, wakamfunika macho kwa gunia, naye akasimama pale kwenye daraja la chuma kama mwenye nyumba. Agneta alingoja kivulini na kikapu magotini. Ndani ya kikapu kulikuwa na sweta ya mume wake. Metrine, muuza chai wa kisiwani Oreko, alikuwa amempigia simu kumwambia kwamba Opondo yupo huko, hali yake ni ya kuridhisha, ila upepo unamsumbua.

Opondo alizama mwaka juzi, au ndivyo ilivyosemwa. Mtumbwi wake ulipinduka, mwili haukuonekana, na mdogo wake, Zadock, akaleta tunda la yago. Ndiyo desturi. Ziwa likimmeza mtu lisimrudishe, watu wa kwao huchuma tunda hilo refu na zito, hulivika shuka na kulizika mahali pake. Lakini desturi hiyohiyo inataka watu wakae ufuoni kwanza, siku baada ya siku, mpaka ziwa lenyewe likatae kabisa. Zadock hakuwa na muda huo. Siku ya pili, Agneta akiwa bado anazunguka ufuoni akiwauliza wavuvi, kaburi lilikuwa limeshafukiwa na watu wanakula.

Sasa Zadock alilitaka shamba la kaka yake, lile linaloangalia maji, awape watu wa hoteli. Wazee walikuwa wakutane Ijumaa. Walishamwambia Agneta waziwazi: asipokuja Opondo mwenyewe kusimama mbele yao na kukataa, yeye na binti yake Winny watatoka kwenye ile nyumba. Basi Agneta alikuwa anakwenda kumchukua.

Oreko ina miji mitatu, kama mtu ana moyo wa kuiita miji. Wa kwanza uko gatini: maduka ya mabati, kinyozi, omena zimeanikwa juu ya nyavu mpaka mlangoni mwa kituo cha polisi. Metrine alimpa chai, akamwelekeza.

"Wa yago wanakaa kule Koyago, Mama Winny. Ukipita kanisa utawaona tu. Usimwangalie sana kichwa, anaona haya."

Mji wa pili ni Misheni, wenye kanisa na posho mill. Hapo Agneta alipumzika kidogo, na mwalimu mmoja aliyekuwa akisubiri unga wake akamlalamikia kwamba watu wa Koyago wanajaza foleni ya maji. Alisema hana ubaya nao, lakini kisima ni kimoja, na wao wanakunywa kama miti.

Koyago iko upande wa upepo. Wanaume walikuwa wameketi nje ya vibanda wakishona nyavu, wengine wa Uyoma, wengine wa Port Victoria, mmoja alitoka Ukerewe. Ngozi zao zilikuwa za kijivu na kavu, na utosini kila mmoja alikuwa na kikonyo, palepale tunda lilipokatwa mtini. Bwana Tom, mwenye mitumbwi, alikuwa amewaajiri wote. Hakuwanunulia jaketi za kujiokolea, kwa kuwa wakizama hurudi wenyewe kwa miguu.

Opondo alimwona mkewe, akaweka sindano ya nyavu chini.

"Nyar Seme," alisema, akimwita binti wa kwao kama zamani, "umekonda."

Agneta alilia. Hakulia kwa hofu, alilia kwa sababu alikuwa na hamu sana na mtu huyu, na hata harufu yake, ambayo sasa ilikuwa ya tunda bichi, ilikuwa na Opondo ndani yake. Kisha alifuta uso akamvisha sweta. Ilikwama kwenye kikonyo, wakaivuta pole pole wote wawili. Akamweleza habari za shamba na za Ijumaa. Opondo alisikiliza akaomba ruhusa kwa msimamizi wa Bwana Tom, akapewa mpaka jioni ya Ijumaa.

Walirudi gatini pamoja, wakipita Misheni, ambako mwalimu aliwasalimu. Lakini Opondo alipokanyaga daraja la feri, mguu wake haukuinuka tena. Alisimama hapo, na abiria wakampita kandokando. Shitanda, mkata tiketi, alikuja kuangalia, kisha akamtoa kwa kumrudisha nyuma kwa mabega, kazi ambayo alionekana ameizoea.

"Wa yago hawavuki, mama. Si mimi nimeweka hiyo," alisema. "Mwenye alizika ndiye anafukua. Akitoa lile tunda kwa mkono yake, huyu ataingia hata sasa hivi. Pigia yeye. Tunangoja kidogo, hawa mbuzi bado."

Agneta alipiga, akaweka sauti kubwa ili Opondo asikie. Zadock alipokea upesi. Aliuliza habari za kisiwani, akauliza kama kaka yake anakula vizuri. Agneta akamweleza jambo lenyewe: jembe moja, kazi ya saa chache, na mtu atakuwa nyumbani kwake.

Zadock akasema itakuwa ngumu, maana pale kaburini alishamwaga simiti.

Opondo aliinama karibu na simu. "Omera, siku ile mnazika, mimi nilikuwa bado naogelea. Nilikuwa nimeshika mtungi mtupu, unanielesha. Ni mlipomwaga udongo ndiyo mikono iliachilia."

"Najua, ndugu yangu," Zadock alisema kwa upole. "Tochi yako usiku tulikuwa tunaiona kutoka huku."

Mbuzi walikuwa wameshapanda. Shitanda alimgusa Agneta begani, naye Agneta akapanda, na daraja likainuliwa. Opondo alibaki gatini na sweta yake mpaka msimamizi alipotuma mtu kumwita, kwa kuwa ruhusa haikuwa na kazi tena.

Ijumaa Agneta aliwaeleza wazee yote, neno kwa neno, na hakuna aliyemwita mwongo. Mmoja wao ana mpwa hukohuko Koyago. Walimuuliza Zadock kama kweli aliiona tochi. Akasema ndiyo, ilikuwa tochi nzuri, na kwamba chakula cha matanga kilikuwa kimeshapikwa. Wazee walishauriana. Wakasema jambo hilo ni baya na linasikitisha, lakini mtu akishazikwa na watu wa kwao, na watu wakala, amezikwa. Nyumba ilibomolewa Jumatatu.

Agneta alikuwa amepata chumba cha kupanga mjini, mtaa wa Obunga. Zadock alileta pikapu yake mwenyewe, akabeba vitanda, akafunga masufuria vizuri yasigongane njiani, na akamnunulia Winny soda. Alipomaliza kukaza kamba aliegemea dirishani, akamwomba Agneta akienda tena kisiwani amsalimie kaka yake.

Agneta akasema atamsalimia.