Maili Kumi na Nne kwa Galoni

Kuna kitabu kimoja duniani ninachokionea kinyaa. Kilikuwa na jalada la kijani, kilikuja na Landrova yetu kutoka Ulaya, na bosi wetu, Bwana Andendekisye, alikiweka mezani kwake mahali ambapo mtu mwingine angeweka Biblia. Kitabu kile kilisema kwamba Landrova ikiwa barabara kuu, galoni moja ya petroli inaipeleka maili ishirini na mbili. Aliyeandika hayo hakuwahi kuiona ikipanda kutoka Igawa kwenda Makambako, imejaa mizigo, upepo wa Julai unaisukuma kifuani.

Mimi nilipima mwenyewe. Nilijaza tangi Mbeya mpaka petroli ikaonekana shingoni, nikaenda Iringa, nikajaza tena mpaka shingoni. Nilifanya hivyo safari tatu. Maili kumi na nne, basi. Ukienda pole kama unasindikiza maiti, utapata kumi na sita.

Wenzangu walinicheka. Shirika letu la mifugo lilikuwa na desturi yake, na desturi yenyewe ilikuwa hii: dereva anaandika maili ishirini na mbili kama kitabu kinavyotaka, bosi anafurahi, halafu petroli iliyopelea dereva anaifidia kwa kuandika safari ambayo hakuifanya. Gari liko uani limelala, daftari linasema limekwenda Tukuyu. Kila mtu alijua. Bosi alijua kuliko wote. Kwenye karatasi magari yao yalikuwa na adabu, na langu peke yake lilikuwa mlevi.

"Didas, andika kama sisi," Jailos, dereva mwenzangu, aliniambia. "Ongeza Tukuyu moja, maisha yaendelee."

Nilikataa. Nilikuwa nimeendesha gari la misheni miaka tisa, na kule ukiomba galoni kumi unapewa kumi. Nilijiona msafi, tena niliupenda usafi wangu, niseme kweli. Niliwaangalia wenzangu jinsi mtu anavyoangalia nzi kwenye uji.

Mwaka huo, 1974, petroli ilikuwa adimu kuliko sukari, na ndipo homa ya mapafu ilipoingia kwa ng'ombe wa Usangu. Ng'ombe anaanza kukohoa, anatanua miguu ya mbele apate pumzi, wiki tatu amekwisha. Chanjo ilikuwa imefika Iringa. Ilikuwa ya kusafirishwa ndani ya barafu, na daktari wa mifugo alisema wazi: ikipata joto imekufa, hata ukiidunga ni kama umedunga maji. Nikaambiwa niifuate Jumamosi, Jumatatu asubuhi niwe nayo Ubaruku, huko Usangu.

Niliandika ombi: maili mia tatu na sitini, galoni ishirini na sita. Bwana Andendekisye alilisoma, akafungua kitabu chake.

"Ndugu Didas, hapa pameandikwa ishirini na mbili. Wewe unaniletea kumi na nne. Hizo nane zimekwenda wapi?"

"Zimekwenda mlimani, mzee."

"Jailos anapanda mlima huo huo. Mbona yeye anapata ishirini na mbili?"

Nilimtazama usoni. Alijua na mimi nilijua, akaninyooshea kalamu kana kwamba mimi ndiye wa kuona aibu. Akaandika galoni kumi na saba.

Jailos alinifuata uani. Akasema kuna petroli ya "Tukuyu" kwenye pipa nyuma ya stoo, nichukue galoni tisa, hakuna atakayeuliza. Nilimwambia sinywi kwenye kikombe kilichotemewa. Nilitamka hivyo hivyo, mbele ya watu, nikawasha gari.

Iringa niliomba nyongeza. Kituo kilikuwa na petroli, ila gari la shirika halikupewa hata tone bila barua ya bosi wake. Nikampigia simu Bwana Andendekisye nyumbani kwake. "Endesha kama kitabu kinavyosema, utafika," akasema, akakata. Jumapili alfajiri nikapakia sanduku la chanjo, barafu imeshindiliwa pembeni, nikatoka. Nilikwenda maili thelathini kwa saa. Malori ya Zambia yalinipita yakinipigia honi. Mafinga pampu zilikuwa zimekauka. Nje kidogo ya Nyololo injini ilikohoa mara mbili, ikanyamaza.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya kwangu mimi mkweli iliishia Nyololo.

Malori yaliyosimama yalikuwa ya dizeli. Magari madogo Jumapili ile hayakuonekana. Nilifunika sanduku kwa blanketi, kwa koti langu, kwa majani ya mgomba niliyoomba kwa watu, na kila saa nilisikia maji yakidondoka chini ya gari, to, to, to. Jumatatu adhuhuri ndipo alipopita Ambrosi, dereva wa parokia mojawapo ya huko, akanipa galoni sita kwa kunionea huruma tu. Nilifungua sanduku nikatia mkono. Maji yalikuwa ya uvuguvugu, ya kuogeshea mtoto mchanga, na chupa zinaelea ndani yake.

Nilifika Ubaruku jua linazama. Bwana Andendekisye alikuwa ametangulia kwa gari la Jailos, lililofika bila shida yoyote. Nikamwambia, "Mzee, imekufa. Ishike mwenyewe."

Hakuishika. Alinivuta nyuma ya gari.

"Nimeshapeleka taarifa kwamba kesho tunachanja ng'ombe mia nne. Sasa sikiliza. Ukisema imekufa, nitaulizwa nani aliiua. Nani alipewa galoni kumi na saba, zikaishia njiani? Daftari lako tangu mwezi wa pili linaonyesha unakula petroli kuliko wote. Jailos na wenzake watasimama kuwa mashahidi. Una watoto wangapi?"

"Watano."

"Haya. Kalale."

Nilitema mate karibu na kiatu chake. Huo ndio uliokuwa ushujaa wangu wote.

Asubuhi wafugaji walileta ng'ombe kwenye zizi la kuchanjia, wengi wao Wasukuma waliohamia Usangu miaka ya karibuni. Bwana Andendekisye alivua koti, akakunja mikono ya shati, akawa anadunga mkiani mmoja baada ya mwingine, anatania na akina mama, anaandika idadi. Ng'ombe walikohoa, kamasi zikiwaning'inia hadi magotini. Nikaenda kukaa kwenye gari.

Hapo ndipo aliponifuata mzee mmoja, Nkuba, mrefu, fimbo begani, na mkewe Ng'washi nyuma yake ana kibuyu cha maziwa.

"Mwangaluka, dereva."

"Mwangaluka, baba."

"Wewe ndiye umeleta hii dawa?"

"Ndiyo, baba."

Alichuchumaa karibu na tairi, akapunguza sauti. "Mimi hapa nimeleta wagonjwa tu, ishirini. Wazima nimewaficha ng'ambo ya mto, themanini. Hawajachanganyika na mtu toka ugonjwa umeingia. Yule bwana anasema niwalete wote. Mimi yeye simwamini, anacheka sana. Wewe nakuona hucheki. Nambie, dawa ni nzima?"

Ng'washi alikuwa ananitazama mdomoni. Bwana Andendekisye pale zizini alikuwa amesimama, sindano mkononi, ananitazama na yeye.

Nilikuwa mtu niliyegombana na ofisi nzima kwa sababu ya maili nane. Nilikuwa nimekataa galoni tisa za wizi ambazo zingeifikisha ile chanjo ikiwa baridi, nikaona nimeshinda. Sasa mtu ananiuliza neno moja la kweli, ambalo lilikuwa na maana kuliko yote niliyowahi kuandika daftarini. Niliwaza watoto wangu. Hapana, nisijipambe, niliwaza jina langu, na Jailos akisimama kuwa shahidi, na watu wa Mbeya wakiniita mwizi.

"Ni nzima, baba," nikasema. "Walete."

Mzee alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Ng'washi akanipa kibuyu, nikanywa, maana kukataa kungemshtua. Kisha Nkuba akasimama akapiga mluzi kuelekea mtoni. Hata saa haikupita, ng'ombe themanini wakaingia maji wakivuka, manyoya yanang'aa, hakuna hata mmoja anayekohoa, wakasukumwa ndani ya zizi katikati ya wale wagonjwa, pua kwa pua.

Watu wa kuwabana walikuwa hawatoshi. Bwana Andendekisye akaniita, na mimi nikashuka kwenye gari, nikashika kamba.