Lenzi ya Kuvuta

"Mtani huchukua kuku," Twalibu alisema. "Huchukua kofia. Hachukui jicho la mtu."

Nusu ya mtaa wa Isevya ilishasogea barazani kwake, wengine wakijifanya wanapita tu. Yahaya, jirani yake na mpiga picha mwenzake, alicheka akawauliza waliosimama tangu lini Mnyamwezi akinyang'anywa na Mzaramo analalamika. Babu zao walifunga utani huu njia ya Bagamoyo, pembe za ndovu mabegani. Leo uvunjwe na kipande cha kioo?

Na kweli utani wao ulisifika. Baba yake Twalibu alipofariki, Yahaya alijilaza ndani ya jeneza akidai anaenda naye, mpaka wafiwa wakacheka na machozi machoni. Wala hakuwahi kupiga hodi nyumba hii. Huingia moja kwa moja jikoni, akafunua chungu, akamsimanga Sikuzani, mke wa Twalibu, kwa chumvi yake, kisha akala.

Ndiyo maana ofisi ya wanyamapori ilipotaka mtu wa kupiga picha za wanyama kule Ugalla, Twalibu alikwenda naye dukani kwa Pradip kuchagua lenzi ya kamera. Pradip alikuwa anafunga duka ahamie ng'ambo, na vitu vile havikuagizwa tena. Zilibaki lenzi mbili: fupi, nyepesi, na ndefu ya kuvuta. Hiyo ndefu ukizungusha shingo yake, palahala aliye upande wa pili wa mbuga anakujia mpaka unaziona kope. Twalibu aliipakata kama kichanga. Yahaya akamnong'oneza kwamba inakunywa mwanga, ndani ya msitu wa miyombo itamtolea masizi matupu. Achukue fupi, amnyatie mnyama.

Twalibu kazaliwa Sikonge, ndani ya miyombo hiyo. Anajua kiangazi kama hicho miyombo hupukutika hata kivuli cha kujisitiri ukakosa. Lakini aliyesema ni mtani wake, akachukua fupi. Kesho yake Yahaya akarudi dukani peke yake, akainunua ile ndefu.

Wote wawili walipelekwa Ugalla kujaribiwa. Yahaya alileta picha ya palahala akinywa, matone yakimdondoka kidevuni. Twalibu alileta picha za vumbi na makalio ya swala. Sokoni walizicheka hadi wauza asali. Kazi akapewa Yahaya.

"Ungeipokonya mkononi mwangu mbele ya Pradip, ningecheka," Twalibu alisema, sauti imeshuka. "Huo ndio utani. Wewe ulinishauri."

Harufu ya mlenda wa karanga ikamfikia Yahaya, akatabasamu, akaelekea jikoni kama siku zote.

Twalibu alimtangulia mlangoni. Akavuta kiti cha wageni, akakifuta vumbi kwa kiganja. Ndani, mkono wa Sikuzani ukaganda juu ya mfuniko.

"Karibu, Bwana Yahaya," Twalibu alisema, kwa adabu ile wanayopewa watu wa mbali. "Karibu ndani, upate chakula."